Kipima pH cha dola 18 mbele ya fedha na dhahabu

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kipima pH cha mfukoni (pH ni namba ya ukali wa asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), chenye umbo la kalamu nene, kioo kidogo cha tarakimu na ncha ya elektrodi iliyofichwa ndani ya kifuniko cha plastiki, ambacho nilikinunua kwa dola 18 katika duka moja la vifaa vya maabara na dawa za kusafishia maji hapa Bukavu, upande wa Nyawera. Wateja wake wa kawaida ni wafugaji wa samaki na watengenezaji wa sabuni, na kwa kazi zao sina shaka kwamba kinatosha. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitengeneza pamoja na wanafunzi wa mwaka wa mwisho chembe za nano za fedha na za dhahabu, yaani vipande vya metali vyenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100, ambavyo huelea majini bila kuzama na kuyapa maji rangi isiyofanana hata kidogo na rangi ya metali yenyewe. Nisemapo fedha nakusudia madini, si zile za mfukoni, ingawa hizo nazo zilihusika.

Kabla ya kifaa hiki tulitumia karatasi za kupimia asidi. Tatizo la karatasi hizo halikuwa tu kwamba zinatofautisha 5 na 6 kwa taabu, bali pia kwamba sisi hutumia maji yaliyochemshwa na majani, na maji hayo yana rangi ya kahawia inayoipaka karatasi kabla karatasi haijapata nafasi ya kusema lolote. Mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi ya rangi ya ugoro akaniuliza, «Mwalimu, hii ni ngapi?», nami sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu hilo linahitajika kwa sababu, katika kutengeneza chembe hizi kwa njia ya kemia, ukali wa asidi ni kiungo kama viungo vingine. Mapishi yote huanza kwa namna moja: kuna ioni za metali, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zilizomumunyika majini, kuna dawa inayozipa elektroni ili zigeuke kuwa atomi, na kuna kitu cha kuzivika chembe changa ili zisishikamane zikawa tope. Ukali wa asidi huingia katika kila hatua ya hizo, kwa maana huamua ioni ya metali imezungukwa na nini, huamua dawa itatoa elektroni zake kwa wepesi gani, na huamua kama vazi la chembe litabaki na chaji ya kuzitenga. Aidha, hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi katika wingi wa ioni za hidrojeni, hivyo anayekosea kwa hatua moja amekosea mara kumi.

Dukani nilimwuliza muuzaji, «Mama, kweli hiki kinapima hadi sehemu ya mia?», akanijibu bila kusita, «Mwalimu, kwenye karatasi yake wameandika hivyo, na mimi ninakuuzia pamoja na karatasi yake.» Lilikuwa jibu la haki. Karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kichina na Kiingereza tu, pasipo Kifaransa wala Kiswahili, na haisemi popote kwamba elektrodi ya kioo haipaswi kuachwa ikauke. Ndani ya kasha kuna pakiti tatu za unga wa bafa, yaani mchanganyiko ambao pH yake inajulikana na haiyumbi kwa urahisi, za pH 4.01, 6.86 na 9.18, ambazo kila moja huyeyushwa katika mililita 250 za maji safi. Hapo ndipo mnunuzi wa Bukavu huanza kuhangaika, kwa sababu maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa chumvi, tunayoyapata kwa urahisi ni yale ya betri yanayouzwa kwenye magereji, na katika rafu ile ile, katika chupa zinazofanana, huuzwa pia asidi ya betri. Someni maandishi ya chupa, na mkishaifungua, pimeni.

Mkipima maji hayo safi, msishangae kioo kikiyumba kwa dakika kadhaa bila kutulia. Si ubovu wa kifaa. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vya kutosha, na zaidi ya hayo hunywa hewa ya kaboni kutoka angani hadi yakashuka karibu na 5.6. Niliona mteja mwingine akirudisha kifaa kama hiki kwa sababu hiyo tu, akidai pesa zake kwa sauti kubwa.

Baada ya kukirekebisha kwa bafa ya 6.86 na kisha ya 4.01, nilikijaribu kwa ile ya 9.18 bila kukirekebisha tena, nacho kikasoma 9.07. Siku iliyofuata, asubuhi ya baridi, kilisoma 9.11. Kwa hiyo ninaichukulia tarakimu ya mwisho kama pambo, na ile ya kwanza baada ya nukta kama ukweli wa kuaminika kiasi. Kwa dola 18 sikutarajia zaidi, na kwa kazi yetu sehemu ya kumi inatosha kabisa. Bafa ya 9.18 imetengenezwa kwa boraksi na hushuka yenyewe ikiachwa wazi, kwa sababu nayo hunywa hewa ya kaboni. Iwekeni katika chupa iliyojaa na kufungwa sawasawa.

Sasa niingie kwenye fedha. Tulitumia nitrati ya fedha, gramu 0.17 kwa lita, na maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa na kuchujwa. Majani ya mpera yana fenoli (kemikali za mimea) nyingi, na fenoli hizo ndizo hutoa elektroni, kisha mabaki yake huvika chembe. Maji ya majani peke yake yalisoma 5.4. Tuliyagawa katika bika nne: ya kwanza tukaishusha hadi 3, ya pili tukaiacha ilivyo, ya tatu tukaipandisha hadi 8, na ya nne hadi 11, halafu tukaongeza nitrati ya fedha kwa kipimo kimoja. Bika ya pH 8 iligeuka rangi ya asali mbele ya macho yetu, katika dakika chache. Ile ya 5.4 ilichukua sehemu kubwa ya saa nzima kufika kwenye njano chafu. Ile ya 3 ilibaki kama chai nyepesi hadi tulipofunga maabara, na kesho yake ilikuwa na ukungu na mashapo kidogo chini. Ile ya 11 ilikuwa nyeusi mara moja.

Bila kifaa tungesema tu kwamba majani mengine yana nguvu kuliko mengine, kama tulivyosema mwaka uliopita kwa ujinga wetu. Fenoli ikiwa katika asidi hushikilia hidrojeni yake na kuwa mzito kutoa elektroni. pH inapopanda kuelekea 8, 9 na zaidi, huanza kuiachia hidrojeni hiyo, na iliyobaki na chaji hasi hutoa elektroni kwa wepesi zaidi. Wepesi huo hubadili pia ukubwa wa chembe. Mwanzo ukiwa wa haraka, viini vingi huzaliwa kwa pamoja na kugawana fedha iliyopo, kama bugali wa sufuria moja unavyogawiwa sahani hamsini badala ya tano, kila sahani ikapata tonge dogo. Mwanzo ukiwa wa polepole, viini vichache huendelea kunenepa. Vilevile, katika asidi, makundi ya kaboksili (vipande vyenye asidi) yaliyo kwenye vazi la chembe hupoteza chaji yake, na chembe zisizosukumana hukutana, hushikana na kuzama, ndiyo maana bika ya 3 ilikuwa na mashapo.

Weusi wa bika ya nne ni habari nyingine. Fedha inapokutana na hidroksidi nyingi huanguka kama oksidi ya rangi ya kahawia iliyokoza, na kwa myeyusho kama wetu mpaka huo uko kwenye pH ya 9 na ushei. Kwa hiyo anayesoma mahali kwamba alkali huharakisha kazi, kisha akamimina soda kali ya kutengenezea sabuni bila kupima, hujipatia tope, halafu hulaumu majani. Kati ya 8 na 9 kuna uchochoro mwembamba ambao karatasi za kupimia haziuoni na kifaa hiki kinauona. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na peke yake inalipia bei yake.

Ninaongeza tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba anayetaka kushusha pH mbele ya fedha atumie asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kamwe asitumie ya hidrokloriki, kwa kuwa kloridi na fedha hukutana na kuganda papo hapo kama maziwa yaliyochacha. Ya pili ni kwamba anayetaka kuipandisha asikimbilie amonia; amonia huzishika ioni za fedha kwa namna yake, na myeyusho wa fedha na amonia uliowekwa kwa siku kadhaa unaweza kuzaa mashapo meusi yanayolipuka kwa kuguswa. Mchanganyiko huo haupaswi kulala maabara hata usiku mmoja.

Ubaya mkubwa wa kifaa niliugundua kutokana na neno hilo hilo, kloridi. Wiki ya pili tulipokitumbukiza moja kwa moja katika myeyusho wa nitrati ya fedha, tuliona ukungu mweupe hafifu ukizunguka ncha, na tarakimu zikaanza kutangatanga. Nilidhani bika ilikuwa chafu. Tukaiosha, tukarudia, na ukungu ukarudi. Ndani ya ncha, pembeni mwa kioo kinachohisi asidi, kuna elektrodi ya pili ya kulinganishia, iliyozamishwa katika uji mzito wa kloridi ya potasiamu, na uji huo lazima uvuje kidogo kidogo kupitia kitundu ili umeme upite. Katika bwawa la samaki hakuna anayejali mvujo huo. Katika nitrati ya fedha, kila tone linalotoka hugeuka kloridi ya fedha, ambayo huchafua chembe zako na pia huziba kitundu chenyewe. Kipimo hutibua kile kinachopimwa, na kinachopimwa hukiua kipima. Hili halikuandikwa kwenye karatasi kwa lugha yoyote ile.

Tuliponea kwa kubadili utaratibu. Sasa tunarekebisha pH ya maji ya majani peke yake kabla fedha haijaingia, na baada ya kuchanganya, kama tunataka kujua pH imefika wapi, tunachota mililita tano pembeni, tunapima na kumwaga. Inafaa kupima mara hiyo ya pili, kwa sababu kila fenoli inayotoa elektroni huachia pia hidrojeni, hivyo mchanganyiko hujitia asidi wenyewe unavyoendelea; bika yetu ya 8.0 ilimaliza kazi ikiwa 7.2. Asiyejua hilo hudhani kifaa kimeharibika.

Kuhusu borohidridi ya sodiamu, ambayo ndiyo dawa ya haraka ya vitabu vingi, nitasema kwa kifupi kwamba katika asidi huoza na kutoa hidrojeni kabla haijafika kwenye fedha, kwa hiyo huyeyushwa katika maji baridi yenye alkali kidogo na kutumiwa siku hiyo hiyo. Usikitumbukize kifaa humo. Viputo hukikosesha utulivu, na dawa yenyewe huingia kwenye kitundu cha elektrodi ya kulinganishia, ambayo ina fedha ndani yake, ikageuza fedha hiyo kuwa masizi.

Dhahabu ilituletea somo la kinyume, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Tuliletewa gramu moja ya chumvi ya dhahabu kutoka Kampala, nasi tunaishi katika mji ambao dhahabu ya Kamituga hupita mbele ya macho yetu. Lakini gramu hiyo moja hutosha kutengeneza kama lita kumi za myeyusho wa milimoli 0.25 kwa lita, hivyo si ghali kama inavyosikika. Njia tuliyoifuata ni ile iliyochapishwa mwaka 1951 na John Turkevich pamoja na Peter Stevenson na James Hillier, ambapo myeyusho wa dhahabu huchemshwa, kisha sitireti ya sodiamu, yaani chumvi ya asidi ya sitriki, humiminwa humo, na maji huwa ya kijivu, ya zambarau, halafu mekundu kama divai. Mwaka 1973 mtafiti Frens alionyesha kwamba kwa kupunguza au kuongeza sitireti unaweza kuchagua ukubwa wa chembe. Watu wengi, nikiwamo mimi, walielewa kwamba sitireti ni dawa na vazi tu. Kifaa hiki kilinionyesha kwa tarakimu kazi yake ya tatu: myeyusho wa dhahabu peke yake ulisoma 3.5, na kila tulipoongeza sitireti, kioo kilipanda kupita 5 kuelekea 6 na zaidi. Asidi ya sitriki huachia hidrojeni zake tatu karibu na pH 3.1, 4.8 na 6.4, kwa hiyo sitireti ni bafa, na anayebadili kiasi chake anabadili pH pia, apende asipende.

Nikiwa na kumbukumbu ya majani ya mpera, nilitabiri mbele ya wanafunzi kwamba soda kali kidogo ingeharakisha wekundu. Nilikosea hadharani. Chupa tuliyoipandisha hadi kati ya 6 na 7 ilichelewa kuliko ile ya kawaida, ingawa wekundu wake ulikuwa safi zaidi. Ile tuliyoipeleka juu ya 8 ilikaa bila rangi kwa muda mrefu hata wanafunzi wakachoka kuitazama. Na ile tuliyoiacha na asidi nyingi iliruka haraka kwenye zambarau yenye matope. Sababu ni kwamba dhahabu, tofauti na fedha, huja ikiwa imezungukwa na kloridi nne, na pH inapopanda, hidroksidi huzichukulia kloridi nafasi zao moja baada ya nyingine. Kadiri hidroksidi zinavyozidi, ndivyo ioni hiyo inavyokuwa nzito kupokea elektroni. Katika asidi dhahabu hupokea kwa pupa, viini huzaliwa ovyo, hugongana na kushikana; karibu na 6.5 na kuendelea hukua polepole na kwa kufanana. Kumbe alkali ile ile iliyoiharakisha fedha ya majani ya mpera huichelewesha dhahabu ya sitireti, kwa sababu katika fedha iligusa mtoaji wa elektroni, na katika dhahabu ikamgusa zaidi mpokeaji. Hakuna kanuni ya jumla ya kukariri hapa. Kuna kupima tu.

Hatuna hadubini ya elektroni, na sitajifanya nayo. Tulihukumu kwa rangi, kwa kuwa chembe ndogo za dhahabu hunyonya mwanga wa kijani karibu na nanomita 520 na kubakiza wekundu, na zikishikana rangi huhamia kwenye buluu; za fedha hunyonya karibu na 400 na kubakiza njano. Wekundu wa chupa yetu bora uligeuka zambarau tulipoutilia matone machache ya asidi, jambo lililowafurahisha wanafunzi kuliko dhahabu yenyewe.

Kwenye joto, kifaa hiki kinaahidi zaidi ya kinachotoa. Mwisho wake ni nyuzi 50, na njia ya Turkevich inahitaji maji yachemke. Hapa Bukavu, kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hizo nazo zingeiua elektrodi. Tunapima kabla ya kuchemsha na baada ya kupoa. Neno «fidia ya joto» lililoandikwa kwenye kasha hudanganya wengi. Elektrodi ya kioo hutoa milivolti 59 kwa kila hatua ya pH kwenye nyuzi 25, na zaidi kidogo joto likipanda. Fidia husahihisha tofauti hiyo tu. Haikwambii pH ya mchanganyiko wako ingekuwa ngapi kwenye joto jingine, na hakuna kifaa cha dola 18 wala cha dola 800 kinachoweza kukisia hilo.

Nilijaribu pia maji ya Ziwa Kivu, kwa sababu kila mwanafunzi huuliza. Kifaa kilisoma 9.0, na uso wa ziwa letu kweli ni wa alkali kiasi hicho, lakini maji hayo hayafai kwa kazi hii hata yakishushwa pH, maana chumvi zake huziba misukumano ya chaji kati ya chembe na kuzikusanya zikawa tope la kijivu. Kwa ufugaji wa samaki kifaa hiki na ziwa hilo ni marafiki.

Uimara ni wa wastani. Betri zake ndogo za saa zinapatikana Kadutu kwa faranga chache, na kwetu, umeme unapokatika katikati ya kazi, kifaa kisichotegemea waya si jambo dogo. Kifuniko hakizibi vizuri, hivyo tunatia ndani yake sifongo iliyoloweshwa kloridi ya potasiamu, kamwe si maji safi, ambayo huinyonya elektrodi chumvi yake. Uji wa ndani haujazwi upya. Baada ya miezi mitano, na kwa sababu ya makosa yetu ya wiki ya pili, kinasoma kwa uzito na kinahitaji kurekebishwa kila asubuhi. Juu ya pH 12, penye soda kali nyingi, husoma chini ya ukweli, kwa kuwa kioo huichukua sodiamu kana kwamba ni hidrojeni; watengenezaji wa sabuni wazingatie.

Ninakipa kifaa hiki alama 7 kati ya 10 kwa dhahabu, na 4 kwa fedha, isipokuwa kwa anayekubali kupima pembeni. Nilirudi dukani kumweleza yule mama habari ya kloridi, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kipo cha aina nyingine. Kipo: elektrodi yenye vyumba viwili, ambamo kile cha nje hujazwa nitrati ya potasiamu, ili kinachovuja kisiwe na kloridi. Ameahidi kuiagiza pamoja na mzigo wake ujao, kwa dola 65, na walimu watatu tumechanga nusu. Hiki cha dola 18 nimekibandika karatasi iliyoandikwa «si cha fedha» na kukirudisha kwenye kabati, kando ya chupa ya sitireti.